Dayati nimekaza, nakimbia, nanyanyua vyuma, na mzani unapanda tu: kilo 4.7 kwa wiki 9

#1 Jasho_Bure

Habari za muda huu wakuu. Wakubwa shikamooni, wengine mambo.

Mimi huwa nasoma tu na kupita, ila leo limenifika shingoni. Ni mwanamke, miaka 34, urefu sentimita 163. Wiki 9 zilizopita nilikuwa na kilo 71.4, nikaamua basi, nguo zinanibana na ngazi zinanitoa pumzi. Nikaanza jimu siku nne kwa wiki, mbili za vyuma na mbili za kukimbia, na kila jioni natembea dakika 40. Sukari nimeacha, soda nimeacha, vya kukaanga nimeacha, na nikishakula saa moja usiku ndiyo basi mpaka asubuhi.

Leo asubuhi nimepanda mzani: 76.1. Nimeusogeza kona nyingine ya chumba, nikapanda tena: 76.1. Nimekaa kitandani nikalia, sitanii.

Saa yangu janja inasema nachoma kalori 600 kila nikienda jimu. Ujauzito nimepima, hakuna. Situmii dawa yoyote. Sasa naombeni mnieleze, hizi kilo zinatoka wapi? Maana hewa haina kalori.

#2 Msoma_Kimya

Nipo hapa mpaka mwisho. Yangu ni kilo 3.

#3 Chuma_Kizito

Dada, pole kwanza. Pili, hayo ni maji na misuli, usitishike.

Mtu ambaye hajazoea akianza vyuma, nyuzi za misuli zinapata michubuko midogo midogo, na mwili unapeleka maji pale ili zipone. Yale maumivu ya siku ya pili unaposhindwa hata kukaa ndiyo dalili yake. Juu ya hapo, misuli inayofanya kazi inaweka akiba kubwa zaidi ya glaikojeni, ile sukari ya kuhifadhiwa, na kila gramu moja ya glaikojeni inashika kama gramu tatu za maji. Nimeona wengi wakipanda kilo moja mpaka mbili kwenye wiki tatu za mwanzo na wakakata tamaa pale pale, wakati mafuta yalikuwa yanapungua chini ya hayo maji. Endelea.

#4 Mkweli_Mchungu

Mwaka 1992 watafiti wa New York walichukua watu 10 waliokuwa wakilalamika kama mleta uzi: "nakula chini ya kalori 1,200 na sipungui." Wakapimwa kwa siku 14 kwa njia ambayo huwezi kuidanganya, maji yenye alama maalumu yanayoonyesha mwili umetumia nishati kiasi gani. Miili yao ilikuwa inachoma kawaida kabisa. Chakula walikuwa wakikihesabu pungufu kwa wastani wa asilimia 47, na mazoezi wakiyahesabu zaidi kwa asilimia 51.

Unakula dada. Hujui tu kama unakula.

#5 Jasho_Bure

Mkweli, mimi si mtoto wa kuiba sukari kabatini. Nimeandika ninachokula kwenye daftari kila siku kwa wiki 9, mpaka "mafuta kijiko kimoja" na "karanga kiganja". Kama huna la kusaidia pita kushoto.

#6 Dunia_Duara

Usimsikilize huyo. Wewe unakula KIDOGO MNO. Mwili umeingia kwenye hali ya njaa, kila unachotia mdomoni unakigeuza mafuta. Kula zaidi utapungua.

#7 Hesabu_Kali

Dunia, hilo la "hali ya njaa" linazunguka sana. Mwaka 1944 na 1945, Chuo Kikuu cha Minnesota kule Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwaweka wanaume 36 kwenye chakula kidogo kwa nusu mwaka. Walipungua karibu robo ya uzito wao. Hakuna aliyenenepa kwa njaa. Ni kweli kwamba mwili wa mtu anayepungua unabana matumizi, anahisi baridi, hana nguvu, hata kutingisha mguu anaacha. Kubana matumizi kunachelewesha kupungua, lakini mafuta hayatengenezwi kwa kukosa.

Kuna kitu kwenye jaribio lile kinachomgusa mleta uzi lakini. Wale wanaume walijaa maji. Vifundo vya miguu vilivimba, na mzani ukawa unasimama huku mafuta yakiendelea kuisha. Kwa hiyo mzani unaweza kukudanganya kwa muda. Kukudanganya kwa kilo 4.7 kwa wiki 9 ndiko kunakonipa shaka.

Dada Jasho, tupige hesabu pamoja. Kilo moja ya mafuta mwilini ni kama kalori 7,700. Kama kilo zote 4.7 ni mafuta, umezidisha kalori 570 na ushee kila siku, siku 63 mfululizo. Kama kilo mbili ni maji, ziada inashuka mpaka 330 hivi. Hiyo haihitaji mtu kuiba kabatini. Vijiko vitatu vikubwa vya mafuta ya kupikia vinatosha, maana kimoja ni karibu kalori 120.

Naomba vitu viwili kabla hatujabishana zaidi. Kiuno chako kilikuwa sentimita ngapi na sasa ngapi? Na ulijipima uzito siku gani za mzunguko wako wa hedhi?

#8 Jasho_Bure

Hesabu, asante kwa kuniongelesha kama mtu.

Kiuno nilipima mwanzo, 88. Leo 90. Mapaja hayajabadilika. Kuhusu mzunguko sikuwahi kufikiria. Nimeangalia kalenda: kilo 71.4 ilikuwa siku mbili baada ya hedhi kuisha. Ya leo, natarajia hedhi keshokutwa.

#9 Hesabu_Kali

Hapo tayari umejionea. Siku chache kabla ya hedhi wanawake wengi hushika maji, kuna wasioongezeka kitu na kuna wanaoongezeka kilo moja au mbili. Umelinganisha siku yako nyepesi kuliko zote na siku yako nzito kuliko zote. Linganisha siku ya 5 ya mzunguko huu na siku ya 5 ya mzunguko ujao. Jipime asubuhi, umetoka chooni, hujala, mzani ukiwa juu ya sakafu ngumu na si zulia, halafu chukua wastani wa wiki. Namba ya siku moja haina maana yoyote.

Chuma, nawe nikurekebishe kwa heshima. Maji sawa, ila misuli hapana. Mwanamke anayeanza vyuma akipata nusu kilo ya misuli kwa mwezi amefanya kazi nzuri sana, na akiwa kwenye dayati hata hiyo ni ngumu. Na kiuno kimeongezeka sentimita mbili. Misuli ya skwati, yaani kuchuchumaa na vyuma, haijengwi kiunoni.

#10 Chuma_Kizito

Kiuno sikuwa nimekiona wakati naandika. Nimekubali.

#11 Nesi_wa_Usiku

Nimetoka zamu, nimesoma yote. Nina maswali yangu ila kwanza nimalizie hili la dawa. Dada amesema hatumii. Nauliza tena kwa sababu kazini nasikia "situmii dawa" kila siku, halafu mtu anafungua mkoba zinatoka aina nne. Sindano ya uzazi wa mpango ya kila miezi mitatu? Vidonge vya mzio? Steroidi za pumu au za viungo, kama prednisoloni? Krimu kali ya kung'arisha ngozi? Nazo zina steroidi mara nyingi, zikipakwa mwili mzima kwa miezi zinaingia kwenye damu, uso unakuwa wa duara kama mwezi, tumbo linatoka na miguu inabaki myembamba.

#12 Jasho_Bure

Hapana kwa yote nesi.

#13 Mama_Wawili

Mwanangu, kapime tezi. Tezi ya thairoidi, ile ya shingoni. Mimi niliongezeka kilo 6 kwa mwaka mmoja, nikawa nasikia baridi wenzangu wakipepea magazeti, choo kigumu, nywele zinabaki kwenye kitana, usingizi wa mchana kama nimenyweshwa kitu. Watu wakasema uzee. Kipimo kinaitwa TSH, ni damu tu ya mkononi. Yangu ilikuwa juu sana, maana yake ubongo unapiga kelele na tezi haisikii.

Lakini nikwambie na upande wa pili ambao mimi sikuambiwa. Nilipoanza kidonge zilitoka kilo 3, nyingi zikiwa maji, na hapo zikagoma. Daktari akanieleza kuwa tezi ikilala huongeza kilo chache tu, mbili mpaka tano hivi, na zaidi ni maji na chumvi. Zile zilizobaki zilikuwa zangu mwenyewe na meza yangu.

#14 Ua_la_Jioni

Na wasichana msisahau PCOS, ile ya ovari na homoni. Hedhi yangu ilikuwa inakuja baada ya siku 50, mara 70, ndevu kidevuni, chunusi mgongoni, na kitambi hakisikii la mtu. Karibu mwanamke mmoja kati ya kumi aliye katika umri wa kuzaa anayo na wengi hawajui. Kwa wengi insulini, homoni ya kushusha sukari, inakuwa juu na kupungua kunakuwa kazi mara mbili. Dada Jasho, hedhi yako inakuja kwa wakati?

#15 Jasho_Bure

Siku 24, 25. Haijawahi kunichezea. Baridi sisikii, choo kiko sawa. TSH nitapima hata hivyo.

#16 Kobe_Mkimbiaji

Samahanini kuingilia. Mimi ni mzee wa miaka 58, natembea kila asubuhi na chumvi nimepunguza. Nimeongezeka kilo 4, lakini yangu ni ndani ya siku 6. Jioni viatu haviingii. Usiku nalalia mito mitatu maana nikilala chali nakosa hewa. Na mimi ni homoni?

#17 Nesi_wa_Usiku

Shikamoo mzee wangu. Weka simu chini, mwambie mtu akupeleke hospitali LEO, siyo kesho asubuhi. Uzito unaopanda kwa siku na si kwa miezi, miguu imevimba, na pumzi inakata ukilala: hayo ni maji, na moyo au figo ndizo za kuulizwa. Bonyeza kidole kwenye ugoko wako, shimo likibaki utanielewa. Ukifika waambie hivyo hivyo ulivyoandika hapa, hasa la mito mitatu.

Na wengine mnaosoma: ukiamka macho yamevimba na mkojo una povu jingi lisilokatika, ni safari hiyo hiyo ya hospitali. Hakuna dayati ya hapo.

#18 Kobe_Mkimbiaji

Marahaba. Naenda.

#19 Hesabu_Kali

Mungu amsaidie mzee.

Jasho, turudi kwako. Daftari lako linasema "mafuta kijiko kimoja" na "karanga kiganja". Nunua au azima mzani mdogo wa jikoni. Kwa siku 7 usibadilishe chochote, kula kama unavyokula, ila kila kitu kipite kwenye mzani kabla ya kuingia sufuriani au mdomoni. Na vinywaji. Hasa vinywaji. Chupa ya mafuta ipime kabla ya kupika na baada ya kupika.

Na hiyo saa, ivue akilini. Mwaka 2017 watu wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu saa na bangili saba za aina hiyo. Mapigo ya moyo nyingi zilisoma vizuri. Kalori zote zilikosea, iliyojitahidi ilikosea kwa wastani wa asilimia 27 na ya mwisho asilimia 93. Je, siku za jimu unajiongezea chakula kwa sababu saa imesema 600?

#20 Jasho_Bure

...Kidogo. Najipongeza.

#21 Mkweli_Mchungu

😶 Sisemi kitu.

#22 Chuma_Kizito

Wewe nyamaza kweli.

Ila hili la mazoezi niliongezee kidogo maana ndiyo kazi yangu na inaniuma kulisema. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walitoa utafiti wao juu ya Wahadzabe, watu wanaotembea porini kila siku kuwinda na kuchimba mizizi. Walipopima nishati inayotumika kwa siku nzima na kulinganisha na watu wa Ulaya na Marekani wanaokaa ofisini, kwa kuzingatia ukubwa wa mwili, haikutofautiana. Mwili unajua kufidia. Ukiukimbiza asubuhi unapumzika sehemu nyingine bila kukuambia. Sasa sisemi mtu aache mazoezi, moyo, sukari, usingizi na mifupa vyote vinayahitaji, na mtu aliyekwisha kupungua yanamsaidia sana asirudi alikotoka. Ila mteja akija kwangu anataka kupunguza kilo kwa kukimbia tu bila kugusa sahani, namwambia ukweli, na wengine hawarudi.

#23 Msoma_Kimya

Mimi usingizi wangu ni wa saa tano tu kila usiku. Inahusika?

#24 Hesabu_Kali

Inahusika. Mwaka 2022 kuna watu wenye uzito mkubwa waliokuwa wakilala chini ya saa sita na nusu, wakasaidiwa walale zaidi. Waliongeza kama saa moja na dakika chache, na bila kuambiwa chochote kuhusu chakula, wakala pungufu kwa kalori 270 hivi kwa siku. Fungua uzi wako tukusaidie, hapa tumalize na Jasho.

#25 Jasho_Bure (siku nane baadaye)

Nimerudi na aibu yangu.

Mafuta: "kijiko kimoja" changu kwa mzani wa jikoni ni gramu 38. Kijiko cha kweli ni 14. Ninachofanya ni kumimina juu ya kijiko na kinachomwagika kinaingia sufuriani pia.

Karanga: kiganja changu ni gramu 60. Kalori 350. Nilikuwa naandika 150 kwa sababu nilisoma mahali.

Haya ningeyameza. Lililonishangaza ni juisi. Situmii sukari, nakamua matunda mwenyewe, kwa hiyo kichwani kwangu ilikuwa ni kama maji. Daftarini sikuwahi kuiandika HATA SIKU MOJA. Nimepima: glasi nne kwa siku, wakati mwingine tano. Zaidi ya kalori 500. Na mimi sikuwahi kuwa mtu wa juisi, wakuu. Nimekaa nikajiuliza nimeanza lini. Sijui, mdomo unakauka tu, hasa asubuhi, ulimi unaganda juu, maji matupu hayanikati kiu. Na nataka kitu kitamu muda wote, hamu ambayo sikuwa nayo.

Mkweli, ulikuwa sahihi. Namna yako ya kusema bado ni mbaya.

#26 Mkweli_Mchungu

Nimepokea vyote viwili.

#27 Nesi_wa_Usiku

Subirini. Jasho, mdomo kukauka kumeanza lini hasa? Sukari ya damu umepima? Na naomba uende kwenye droo ya pembeni ya kitanda chako uniambie kuna nini.

#28 Jasho_Bure

Sukari nilipimwa mwezi uliopita kazini, ilikuwa kawaida. Droo... kuna kitambaa, mafuta ya midomo, na vidonge vyangu vya kipandauso. Lakini hivyo si dawa ya kila siku ya ugonjwa, ni kimoja tu usiku, cha kuzuia kichwa kisije. Nilianzishiwa kama miezi mitatu iliyopita. Kichwa kimetulia kweli.

#29 Nesi_wa_Usiku

Kimoja kila usiku kwa miezi mitatu ndiyo dawa ya kila siku, mdogo wangu. Soma jina kwenye karatasi ya vidonge.

#30 Jasho_Bure

Amitriptilini. Miligramu 25.

#31 Nesi_wa_Usiku

Haya.

Hiyo ni dawa ya zamani ya sonona, na kwa dozi ndogo inatumika sana kuzuia kipandauso na maumivu ya mishipa ya fahamu. Ni dawa nzuri. Mambo ambayo kila mhudumu wa afya anayajua juu yake ni usingizi, mdomo kukauka, choo kuwa kigumu kwa baadhi ya watu, na uzito. Inafungua hamu ya kula, na watu wengi wanasema hamu yenyewe ni ya vitu vitamu. Wewe mdomo umekauka, umetafuta cha kuulowesha, ukachagua kitamu. Wiki tatu baadaye ukaanza jimu, ukaona uzito umepanda "kwa sababu ya jimu".

Sisemi kidonge kimekuwekea kilo 4.7. Kuna maji ya kabla ya hedhi, kuna maji ya misuli ya Chuma, kuna mafuta ya kijiko kinachofurika. Ila kidonge ndicho kilichokuwa kinakusukuma kwenye glasi ya nne.

Sasa sikiliza vizuri: USIKIACHE mwenyewe leo usiku. Ukiacha ghafla unaweza kupata kichefuchefu, kukosa usingizi, na kichwa kurudi kwa hasira. Rudi kwa aliyekuandikia, mwambie namba zako zote na tarehe, muulize kama kuna njia nyingine. Dawa za kuzuia kipandauso ziko za aina kadhaa. Propranololi nayo inaweza kuongeza uzito kidogo. Topirameti kinyume chake hupunguza hamu ya kula, lakini ina hatari kwa mtoto tumboni, kwa hiyo kwa mwanamke wa umri wako ni mazungumzo marefu ya daktari na si ya humu.

Na kwa wote: orodha ni ndefu. Insulini na glibenklamaidi za kisukari. Atenololi ya presha. Valproeti ya kifafa. Olanzapini na mirtazapini kwa wagonjwa wa akili na sonona. Dolutegraviri ya VVU kwa baadhi ya watu. Zote hizi zinaokoa maisha, uzito si sababu ya kuzitupa, ni sababu ya kurudi kuongea.

#32 Ua_la_Jioni

Kwa nini aliyemwandikia hakumwambia?

#33 Nesi_wa_Usiku

Pengine alimwambia siku ambayo kichwa kilikuwa kinapasuka, nani angesikia. Pengine hakumwambia. Foleni unaijua.

#34 Dunia_Duara

Kwa hiyo hali ya njaa ni uongo?

#35 Hesabu_Kali

Rudi #7 mkuu.

#36 Kobe_Mkimbiaji

Nimetoka wodini jana. Moyo ulikuwa umechoka kusukuma, maji yamejaa miguuni na kwenye mapafu. Wamenipa dawa ya kukojoa na nyingine za moyo. Nimepungua kilo 5 na sijakimbia hata hatua moja, mwanangu Jasho usinionee wivu.

Nimeambiwa nijipime kila asubuhi maisha yangu yote, nikiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu nisisubiri. Nesi, mke wangu anataka kukusalimia.

#37 Nesi_wa_Usiku

Nimefurahi mno mzee. Mwambie mama shikamoo, na chumvi iwe mbali na meza.

#38 Mama_Wawili

Mimi hapa natokwa na machozi.

#39 Jasho_Bure (wiki sita baadaye)

Mrejesho wakuu.

TSH iko sawa. Nilirudi kwa daktari na daftari langu. Alisoma kimya, akauliza nani amenifundisha kupima chupa ya mafuta. Hakunitoa kwenye dawa kwa siku moja, amenishusha taratibu, nikawa nusu kidonge, sasa sinywi kabisa, na amenianzishia nyingine.

Juisi nimeacha. Wiki mbili za kwanza bado nikiwa kwenye kidonge ilikuwa vita, nilikuwa nalamba vipande vya barafu kama mtoto. Kidonge kilipoisha ile kiu ikaondoka yenyewe ndani ya siku kumi hivi, nikashangaa. Mafuta napima kwa kijiko kisichofurika. Saa naivaa kuangalia muda tu. Jimu sijapunguza wala sijaongeza.

Siku ya 5 ya mzunguko wa mwezi uliopita: 75.0. Siku ya 5 ya mwezi huu: 73.6. Kiuno 87. Kwa hiyo nilipoanza uzi huu kweli nilikuwa nimenenepa, ila si kilo 4.7 kama nilivyolia nazo kitandani. Na nipo bado juu ya nilipoanzia. Skwati nimefika kilo 50, hilo hakuna aliyeniuliza lakini nalisema.

#40 Chuma_Kizito

HAMSINI! Hiyo ndiyo namba ya kuweka kwenye kichwa cha habari.

#41 Hesabu_Kali

Kilo 1.4 kwa mwezi ni mwendo mzuri. Ikipungua polepole zaidi ya hapo usishtuke.

#42 Ua_la_Jioni

Na kichwa je?

#43 Jasho_Bure

Kichwa kimerudi mara mbili mwezi huu. Kwenye kile kidonge cha kwanza hakikuwahi kurudi hata mara moja. Mara ya pili nililala chumba cha giza siku nzima na nikawa najiuliza kama kilo tatu zina thamani hiyo. Nina miadi tena wiki ijayo, nitamuuliza.